Munkoyo wa Naviundu na Mvinyo wa Château-Chalon

Mnunuzi wa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi ya porini, pale Naviundu, mtaa wa Lubumbashi, kwa kawaida huuliza mambo mawili tu: kama ni wa baridi, na kama umekolea sukari. Barafu hujibu swali la kwanza, vijiko vya sukari hujibu la pili, na biashara inaishia hapo. Maswali yanayofichua kilichomo hasa ndani ya chupa hayaulizwi: mzizi ulichimbwa wapi, maji yalitekwa wapi, uji ulipikwa lini. Naandika uchambuzi huu kwa sababu naamini munkoyo ni kinywaji chenye tabia yake, tabia inayoelezeka na inayofundishika, na kwamba sisi wa Lubumbashi tunaunywa kwa haraka mno, kana kwamba kazi yake ni kukata kiu tu.

Nitaanzia mbali, Ufaransa. Wafaransa wamekaa na swali hili kwa miaka mingi: kwa nini kinywaji cha kijiji fulani kina ladha ambayo kijiji cha pili, chenye zabibu zilezile, hakiwezi kuipata?

Mashariki mwa nchi hiyo, katika Jura, karibu na mpaka wa Uswisi, kuna kijiji kilichokaa juu ya jabali, kinaitwa Château-Chalon. Mizabibu yake, pamoja na ya vijiji vitatu jirani, haizidi sana hekta 60. Tangu 1936, mwaka mmoja baada ya Ufaransa kutunga sheria ya kulinda majina ya asili ya mvinyo, hakuna mtu wa mahali pengine anayeruhusiwa kuandika jina hilo kwenye chupa yake. Zabibu inayokubaliwa ni ya aina moja tu, Savagnin. Mvinyo ukishachachuka hutiwa kwenye pipa la mwaloni na kuachwa humo hadi angalau tarehe 15 Desemba ya mwaka wa sita baada ya mavuno. Katika muda huo wote mvinyo hupungua kwa kuvukiza, na pipa halijazwi tena. Mahali pengine huo ungehesabiwa kuwa uzembe, maana hewa ikiingia mvinyo hugeuka siki. Huko Château-Chalon jambo jingine hutokea: chachu hujitanda juu ya mvinyo kama utando mweupe, huuzuia usiharibiwe na hewa, na mwaka baada ya mwaka huubadilisha harufu. Unapofunguliwa, mvinyo huo una rangi ya dhahabu na unanukia kokwa kavu, bizari na uwatu. Kuhusu uwatu sisemi kwa kukisia. Kemikali inayoitwa sotoloni, ile inayoupa uwatu harufu yake, ndiyo hiyohiyo inayojitokeza katika mvinyo huu.

Mgeni anayeuonja kwa mara ya kwanza mara nyingi hudhani umeharibika. Ni mkavu, una uchachu mkali, hauna utamu wowote wa kumkaribisha mtu. Wenyeji hawaombi radhi kwa hilo. Wanaufungua saa kadhaa kabla ya chakula, hawaugandishi kwa baridi, wanaunywa kidogokidogo pamoja na jibini yao ya Comté au kuku aliyepikwa na uyoga, na wanamweleza mgeni nini cha kutafuta mdomoni. Hata chupa ina kipimo chake, sentilita 62, ambazo kwa maelezo ya wenyeji ndizo zinazobaki katika kila lita baada ya miaka ile ya kusubiri.

Si mbali na hapo ni Arbois, mji aliokulia Louis Pasteur. Mwaka 1857 Pasteur alitoa maandishi yake kuhusu uchachukaji wa laktiki, ule unaogeuza maziwa kuwa mtindi, na mwaka 1866 akachapisha kitabu chake kuhusu mvinyo na magonjwa yake. Alionyesha kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai vidogo mno, na kwamba kila aina ya kiumbe huzaa matokeo yake. Maarifa hayo yanatuhusu moja kwa moja, kwa sababu kinachoendelea ndani ya bidoni, lile dumu la njano, pale Naviundu ni uchachukaji uleule wa laktiki, ukisaidiwa na chachu kidogo. Tofauti kubwa inatokea kabla ya hapo.

Zabibu huja na sukari yake tayari. Ukiiponda tu, chachu iliyo kwenye ganda lake inaanza kula. Mahindi hayana bahati hiyo: yana wanga, na chachu haiwezi kula wanga. Kila jamii iliyotaka kutengeneza kinywaji cha nafaka ililazimika kwanza kutafuta njia ya kuugeuza wanga kuwa sukari. Njia inayojulikana zaidi ni kimea: nafaka huoteshwa, na katika kuota kwake huzalisha vimeng'enya vinavyokatakata wanga. Ndivyo zinavyotengenezwa pombe za mtama na ulezi kote Afrika Mashariki, na ndivyo zinavyotengenezwa Simba na Tembo, bia za mji wetu. Japani hutumia kuvu kwenye mchele. Katika milima ya Andes watu walitafuna mahindi wakatumia mate. Huku kwetu, katika misitu ya miombo inayoanzia Katanga na kuendelea hadi Zambia, wazee waligundua njia ya nne, ambayo ni adimu sana duniani: mzizi wa porini.

Mizizi ya munkoyo inatoka kwenye mimea midogo ya jamii ya kunde. Mwaka 1992 wataalamu wa mimea walichapisha, katika jarida la mimea la Ubelgiji, makala kuhusu mimea inayotumika kwa kazi hii katika ukanda wa Zambezi, wakaigawa katika jenasi tatu: Eminia, Rhynchosia na Vigna, hii ya mwisho ikiwa ndiyo jenasi ya kunde zenyewe. Sokoni mizizi hiyo huuzwa kwa mafungu. Ina ganda la kahawia lenye vumbi la udongo, na ukiiponda kwa mchi hufumuka ikawa nyuzi za rangi ya maziwa yaliyochanganyika na chai. Inanukia udongo uliolowa mvua na maharage mabichi. Harufu hiyo ikumbukwe, kwa sababu tutakutana nayo tena ndani ya kikombe.

Jinsi mizizi hiyo inavyofanya kazi inastahili kutazamwa kwa karibu. Nilikaa asubuhi moja kwenye ua wa mama mmoja jirani anayepika munkoyo wa kuuza. Unga wa mahindi alikuwa ameshaupika kwa muda mrefu katika sufuria kubwa juu ya makaa, uji mzito kiasi kwamba mwiko ulikwenda kwa taabu. Akautoa motoni, akaufunika, akaketi. Nikamuuliza kwa nini hatii mizizi mara moja. “Ngoya kwanza, yaya, haiyapola,” akasema. “Ukitia muzizi mu uji ya moto, unaua.” Kila baada ya muda alifunua, akagusa ubavu wa sufuria kwa kiganja, akafunika tena. Hatimaye aliporidhika alitumbukiza nyuzi zilizopondwa, akakoroga kwa mwendo wa polepole. Kwa dakika kadhaa hakuna kilichobadilika. Kisha mwiko ukaanza kuwa mwepesi. Muda si mrefu uji uliokuwa ukishikamana na mwiko ukawa unadondoka kama maji, na aliponipa nionje kwenye kijiko ulikuwa mtamu, ingawa hakuna sukari iliyotiwa.

Maneno yake yana ukweli kamili wa kisayansi. Vimeng'enya ni protini, na moto wa kuchemka huiharibu protini isirudi katika hali yake. Akitia mizizi mapema, uji unabaki mzito na hautachachuka vizuri. Akichelewa sana, uji umeshapoa na kuganda, na kazi inakwenda kwa kusuasua. Kati ya pande hizo mbili kuna joto linalofaa, na mama huyu analipima kwa kiganja. Wanga ukikatwa hutoa sukari aina ya maltosi, ambayo ndiyo utamu nilioonja. Baada ya hapo mizizi hutolewa, kinywaji huhamishiwa kwenye chombo chake, na bakteria wa laktiki waliokuwa kwenye mizizi, kwenye chombo na hewani huanza kula ile sukari na kuigeuza kuwa asidi.

Kwa hiyo mzizi unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Unatoa vimeng'enya, na unatoa ladha yake wenyewe. Hapa ndipo munkoyo unapoachana na pombe za kimea. Kimea cha mtama kinaleta ladha ya mtama. Mzizi wa munkoyo unaleta ladha ya msitu: uchungu mwepesi, harufu ya udongo, na ukakasi kidogo unaobaki kwenye ulimi baada ya kumeza. Mahindi ni mwili wa kinywaji, lakini sura yake inatoka ardhini. Mtu aliyezoea anaweza kutofautisha munkoyo wa mizizi mingi na ule uliobaniwa, na munkoyo wa mizizi iliyochimbwa karibuni na ule wa mizizi iliyokaa sokoni ikakauka. Naamini, kwa mazoezi, anaweza pia kutofautisha jenasi moja na nyingine. Huo ndio ujuzi ambao Wafaransa wameujengea sheria, na sisi tunao bila kuuthamini.

Baada ya mzizi kinachofuata ni muda. Mvinyo wa Château-Chalon unahitaji miaka zaidi ya sita, munkoyo maisha yake yote yanaishia ndani ya siku tatu au nne. Ufupi huo usitufanye tuudharau. Ndani ya siku hizo kinywaji kinapita katika hatua ambazo mnywaji makini anaweza kuzifuata moja baada ya nyingine.

Jioni ya siku ya kwanza munkoyo bado ni mtamu, mzito kidogo, wenye harufu ya uji na ya mzizi mbichi. Watoto huupenda hivyo, na wagonjwa wanaopata nguvu taratibu hupewa hivyo. Binafsi nauona haujakamilika, kwa sababu utamu unaufunika mzizi. Siku ya pili ndiyo siku yake. Uchachu umeingia na kusimama sawa na utamu uliobaki, gesi kidogo inauchangamsha ulimi, ule uchungu wa mzizi unajitokeza mwishoni, na harufu ya udongo imetulia ikawa karibu na ya majani makavu baada ya mvua ya kwanza. Siku ya tatu sukari imekwisha karibu yote, uchachu umetawala, na chachu imeshatengeneza kileo, kidogo bado lakini kinachosikika. Wazee wengi huusubiri huo. Ni mkavu, mkali, na mgeni angesema umeharibika, kama anavyosema mgeni wa Jura mbele ya mvinyo wake wa dhahabu.

Lakini hesabu hiyo ya siku hubadilika na majira, na hili wanunuzi wengi hawalizingatii. Lubumbashi iko juu, mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali kuliko wageni wanavyotarajia kutoka kwa mji wa Afrika ya Kati. Bakteria na chachu hupunguza kasi katika baridi. Munkoyo wa Julai unaweza kufika siku ya pili ukiwa bado una tabia ya siku ya kwanza, na uchachu wake ukija huja kwa upole. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, joto linapokuwa limeshika mji, mambo ni kinyume: unaoupika asubuhi unaweza kuwa umekomaa kesho yake alfajiri, na jioni umeshapita. Mpikaji mzuri hufunika chombo kwa blanketi katika majira ya baridi, na katika majira ya joto hukiweka kivulini, juu ya sakafu ya saruji. Kwa mtu anayetaka kujua munkoyo unaweza kuwa na ubora gani, ningemshauri aununue Julai, siku ya pili kuelekea ya tatu. Uchachukaji wa polepole huacha nafasi kwa harufu nyingi zaidi, na nimeona hivyo mara nyingi kiasi cha kulisema bila wasiwasi.

Asidi hiyo ina faida nyingine nje ya ladha. Inapozidi, vijidudu vingi vinavyoleta maradhi hushindwa kuishi humo, na ndiyo maana kinywaji kinachokaa bila friji hakiwadhuru watu pale kinapotengenezwa kwa usafi. Hatari kubwa zaidi iko siku ya kwanza, wakati uji umepoa lakini haujachachuka, na wakati mtu anapoongeza maji yasiyochemshwa baadaye ili bidoni lijae.

Nimefika kwenye maji, na hapa lazima nizungumze wazi kuhusu Naviundu.

Mtaa wetu na mto wetu vina jina moja. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya maji na matope ya bonde la mto Naviundu, mito ya Luano na Ruashi, pamoja na chemchemi ya Luwowoshi, wakionyesha uchafuzi wa metali katika maji hayo. Katika mji uliozaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na ambao ardhi yake inachimbwa kwa shaba na kobalti, si habari ya kumshangaza mkaaji. Lakini ina maana kwa anayepika kinywaji, kwa sababu kuchemsha huua vijidudu ila hakuondoi metali. Maji yakichemka kwa muda mrefu na kupungua, metali iliyomo inabaki ileile katika maji machache zaidi. Kwa hiyo mama anayekataa maji ya mto au ya kisima kifupi, akalipia ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine au akasubiri ya bomba, anafanya kazi ya ubora ambayo mnunuzi haioni. Gharama hiyo imo ndani ya bei ya chupa, na anayepiga bei chini anamsukuma kurudi mtoni.

Maji yana ladha yake pia. Yenye chuma kingi huacha utamuutamu wa damu mdomoni na hulififisha lile tukio zuri la mwisho, ukakasi wa mzizi. Mapishi mawili ya mizizi ya fungu moja, unga wa gunia moja, yakitofautiana kwa maji tu, hayatakuwa sawa. Wafaransa huzungumza sana juu ya udongo wa mizabibu. Kwa munkoyo, maji yana uzito kama udongo.

Kuhusu sukari na barafu msimamo wangu ni mkali kidogo. Sukari ya dukani hutiwa munkoyo kwa sababu mbili: mizizi ilikuwa michache, hivyo wanga haukugeuka vya kutosha, au kinywaji kimepita siku yake na muuzaji anataka kufunika uchachu. Katika hali zote mbili mnunuzi analipia sukari badala ya mzizi. Barafu nayo hufunga pua na ulimi, kwani kinywaji chochote kikiwa baridi sana harufu yake haiwezi kupanda. Ubaridi wa kivulini, ule wa chungu kilichokaa kwenye kona ya nyumba, unatosha. Na munkoyo utikiswe kabla ya kumiminwa, maana chembe za mahindi hutuama chini na nusu ya mwili wake imo huko. Mimina nusu kikombe, nusa kwanza, kunywa funda dogo uliache ulimini, kisha subiri. Uchungu wa mzizi huchelewa kuja. Ukimeza haraka na kuongeza mwingine juu yake, hutakutana nao kamwe.

Mezani munkoyo ni rafiki wa vitu vyenye mafuta na vyenye chumvi. Michopo ya mbuzi inayotoka motoni ikidondosha mafuta inapata mwenzake katika uchachu wa siku ya pili, unaoosha mdomo na kuutayarisha kwa kipande kingine. Kapenta waliokaangwa wakakauka wanataka munkoyo mkavu wa siku ya tatu. Viwavi vya msituni, ambavyo navyo vinatoka kwenye miombo ileile na vina ladha yao ya majani na kokwa, ukiviweka pamoja na munkoyo wenye mizizi mingi utaelewa kwamba vitu vilivyokua jirani vinajuana. Bukari (ugali) na sombe (kisamvu) havihitaji maelezo. Ambapo munkoyo unashindwa ni kwenye vitu vitamu: ukila andazi kisha ukanywa munkoyo wa siku ya pili, utausikia kama siki.

Ninajua swali litakalokuja. Je, basi tuutungie sheria, tuuandikishe jina, kama Château-Chalon? Barani Afrika njia hiyo imeshaanza. Pilipili ya Penja, ya Kameruni, ililindwa kwa jina la mahali pake mwaka 2013. Sipingi. Ila sheria ya jina la asili hulinda wale wenye ardhi iliyopimwa, vyama vilivyoandikishwa na pesa za kulipia ukaguzi. Mzizi wa munkoyo unachimbwa kwenye msitu usio na hati, na wanawake wasio na chama. Tukiharakisha karatasi, jina litachukuliwa na mwenye kiwanda, na mama wa Naviundu atakatazwa kulitumia kwenye bidoni lake. Zaidi ya hayo, munkoyo hauna kijiji kimoja. Walamba, Wabemba, Wasanga na Wakaonde wote wanao, pande zote mbili za mpaka wa Kasumbalesa, na jina lililofungiwa upande mmoja lingewanyima wa upande wa pili urithi wao.

Ninachokitamani kutoka Jura ni jambo jingine. Katika miaka ya 1974, 1980, 1984 na 2001 hakukuwa na Château-Chalon. Mizabibu ilikuwepo, zabibu zilivunwa, lakini ubora wake haukufika, na wakulima wakakubali kutolitumia jina lao mwaka huo. Walipoteza pesa na kulilinda jina. Kukataa kwa namna hiyo kunawezekana bila ofisi yoyote. Yule mama jirani yangu nilimwona akimwaga pipa zima kwa sababu lilitoa harufu asiyoipenda, akaosha chombo kwa maji ya moto, akaanza upya, na siku hiyo hakuuza. Hakuna aliyemkagua. Wateja wake waliokuja jioni wakakuta ua mtupu walinung'unika, na mmoja wao alikwenda kununua kwa jirani anayetia sukari. Mnunuzi anayeelewa kwa nini siku hiyo hakuna munkoyo ndiye atakayemwezesha mpikaji kuendelea kumwaga unaopaswa kumwagwa.

Kuna jambo linalonitia hofu kuliko sukari na kuliko karatasi, nalo ni msitu wenyewe. Lubumbashi inapika kwa makaa, na makaa yanatoka kwenye miombo. Kila mwaka ukingo wa msitu unasogea mbali na mji kufuata barabara za Kasenga, Likasi na Kipushi. Miti inapoondoka, mimea midogo ya chini inaondoka nayo au inalimwa, na kuchimba mzizi mzima ni kuua mmea. Wanaoleta mizizi sokoni wanatoka mbali zaidi kuliko zamani, na mizizi inayosafiri siku nyingi hufika imekauka.

Jura nayo ilipata msiba wa mizizi. Mwishoni mwa karne ya 19 mdudu aitwaye filoksera, aliyetoka Marekani, alishambulia mizizi ya mizabibu ya Ulaya na kuiua. Jura ilikuwa na hekta zipatazo 20,000 za mizabibu, leo ina takriban 2,000. Kilichobaki kiliokolewa kwa kuunganisha vikonyo vya zabibu za Ulaya juu ya mizizi ya mizabibu ya Kimarekani, ambayo mdudu yule hakuishinda. Savagnin ya leo inasimama juu ya mizizi ya kigeni na ladha yake imebaki, kwa kuwa ladha ya mvinyo imo katika tunda. Njia hiyo ya kujiokoa sisi hatuna. Mahindi tunaweza kuyabadilisha, maji tunaweza kuyatafuta, chombo kinaweza kuwa kibuyu, pipa au bidoni. Mzizi hauna mbadala. Kimea kikichukua nafasi yake tutapata kinywaji cha mahindi kilicho kizuri pengine, kama maheu ya viwandani yanayotoka Zambia, lakini hakitakuwa munkoyo.

Mimea hii ya jamii ya kunde huotesha mbegu, na kunde tumezilima tangu zamani. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo chake cha kilimo, na mabustani ya mitaa kama wetu yana nafasi pembeni mwa matuta ya lengalenga. Kazi ya kuipanda Eminia na Rhynchosia shambani, kungoja mizizi inenepe, na kuilinganisha na ya msituni kwa kupika na kuonja, inaweza kuanza bila kusubiri sheria wala kiwanda. Ninaomba tu wachimbaji wa mizizi wawemo ndani yake tangu mbegu ya kwanza, walipwe kwa ujuzi wao, na wapewe neno la mwisho pale vikombe vitakapowekwa mezani, kwa sababu hao ndio wanaoweza kuvunja mzizi kwa vidole, kuunusa, na kusema kama utageuza uji.